Viti vya Bi Mwanahawa

Siku niliyorudisha ufunguo wa pikipiki ya ofisi, vijana waliniandalia soda na keki, wakanipa dakika tatu za kusema neno kwa sababu spika ilikuwa ya kukodi na mwenyewe alikuwa anaihitaji kwenye harusi. Nikashukuru, nikakaa. Njiani kurudi nyumbani nikajuta. Maneno ya miaka yote ile hayaingii kwenye dakika tatu, na ile keki iliandikwa "Kwaheri Mama Dodoso", jina ambalo wengi walioila hawajui lilitoka wapi. Basi naandika. Nyie wadogo zangu mliobaki kwenye kazi ya maendeleo ya jamii, someni siku ambayo mvua imewazuia kwenda vijijini.

Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilichelewa. Mshahara pia sitautaja, maana ndio huohuo mnaopokea nyie, na hakuna jipya la kuwaambia.

Nilianzia Mlandizi, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino. Viatu vilidumu asubuhi moja. Ilikuwa masika, tunakwenda kwenye vitongoji vya bondeni upande wa Ruvu, na kisigino cha kushoto kilibaki kwenye tope. Nadhani bado kipo. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Mhando, hakucheka. Alisimamisha baiskeli, akafungua mfuko aliofunga nyuma, akanitolea ndala za kiume zilizonizidi miguu.

"Vaa, binti," aliniambia. "Wewe ni wa nne kuzivaa. Kila wakiniletea mtu mpya, anakuja amevaa kama anakwenda kanisani."

Bwana Mhando ndiye aliyenifundisha kazi, na wala hakujua kwamba anafundisha. Vifaa vyake vilikuwa daftari moja, kalamu mbili na baiskeli yenye kengele isiyolia. Alikuwa na sheria. Kalamu haitoki mfukoni mpaka umekunywa maji ya mwenye nyumba. Huulizi habari za watoto mpaka umeuliza habari za mvua. Na ukifika kwa mtu, unakaa pale unapoonyeshwa, hata kama ni pa ajabu. Nimemwona akikaa kwenye mkeka, kwenye kinu kilicholazwa, kwenye ndoo iliyofunikwa. Siku moja, kwa bibi mmoja mkulima wa mahindi, alionyeshwa kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Akakaa pale, meno ya mbuzi yameelekea mbele, magoti yamefika kifuani, akaongea juu ya wadudu wa mahindi kwa utulivu kama yuko ofisini kwake.

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini hakusimama tu.

"Amenipa alichonacho," alisema. "Huyo hana shida, tutaelewana naye. Wewe uwe macho siku ukipewa kiti kizuri kwenye nyumba mbovu."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee. Akaongeza jambo jingine nililolisikia kwa sikio moja tu wakati ule: kwamba umaskini una haya, mgeni akibisha hodi mlango wa mbele, wenyewe unatokea mlango wa nyuma.

Miaka iliyofuata nilifanya miradi mingi, na mingine ninaikumbuka kwa shida. Tuligawa kuku wa kisasa kwa watu ambao hawakuwa na pumba za kuwalisha. Tulifundisha ufugaji wa nyuki, na nyuki hawakuhudhuria. Viwanda vilipoanza kujengwa Zegereni nilikuwa naenda kule kuzungumza na kina mama waliouza viwanja na fedha zikaisha kabla hawajajenga, nikawaundia vikundi vya kukopeshana, na baadhi ya vikundi hivyo vipo mpaka leo. Najivunia vile. Lakini karibu kila mradi ulianza kwa semina na ukaishia kwa picha ya pamoja, na katikati yake kulikuwa na fomu ya kutafuta nani anastahili. Nilikuwa hodari sana wa fomu. Niseme ukweli, nilikuwa hodari kupita wote.

Ndiyo maana nilipohamishiwa Kisarawe, na mpango wa ruzuku kwa kaya maskini ukafika kata ya Kurui, walinipa mimi. Kijiji chenyewe sitakitaja, wenyewe watajijua.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza mkutano mkuu wa kijiji unakaa na kutaja nani ni maskini, hadharani, kila mtu akisikia. Halafu sisi maofisa tunapita nyumba kwa nyumba na dodoso kuhakikisha. Dodoso lilikuwa ndani ya kishikwambi, na kishikwambi kilikuwa na akili zake. Unajaza: paa ni la nini, ukuta ni wa nini, kuna viti vingapi, kuna redio, kuna meza, wanakula mara ngapi. Ukimaliza unabonyeza, na chenyewe kinapima. Majina yanayorudi kutoka juu ndiyo yanayopata.

Kwenye mkutano ule, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Bi Mwanahawa. Hakuna aliyepinga, jambo ambalo ni nadra, maana kwenye mikutano ile watu hubishania hata majina ya marehemu. Bi Mwanahawa alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu, na alikuwa anawalea wajukuu watatu walioachwa na binti yake aliyefariki. Alilima muhogo kwa kukaa chini, anajisogeza na jembe la mpini mfupi tuta kwa tuta. Mjukuu mkubwa, Zuhura, alikuwa anamaliza darasa la saba. Mwalimu wake alisimama mkutanoni akasema huyo mtoto atafaulu, na akifaulu sekondari yenyewe ni ya bweni, itatakiwa sare, godoro na mazagazaga mengine, na bibi hana pa kuyatoa. Hilo ndilo lililokuwa linategemewa kwenye ile ruzuku. Kila mtu alijua, na mimi nilijua.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pazi, akatangaza siku ya sisi kupita. Alitangaza kwa heshima zote: wageni wa serikali watakuja majumbani, watu wawepo.

Tulifika kwa Bi Mwanahawa asubuhi, mimi na kijana mmoja wa takwimu. Uwanja ulikuwa umefagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Ukuta wa udongo ulikuwa umekandikwa upya, bado unanukia. Chini ya upenu palikuwa na viti vinne vya plastiki, vya bluu, na meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa inaimba taratibu. Kulikuwa na chupa ya chai, vikombe na visahani vyake, maandazi yamefunikwa kawa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Karibuni mkae."

Tukakaa. Kiti kilikuwa kizuri. Sikuwa macho.

Chai ile ilikuwa na hiliki na sukari ya kutosha, na mimi nilikunywa vikombe viwili huku nikijaza. Nilipofika kwenye swali la samani nikauliza kama dodoso lilivyoandikwa, kwa sauti, mbele ya kijana wangu na mbele ya wajukuu waliokuwa wamevalishwa nguo za Idi: "Bi, kaya hii ina viti?"

Alinitazama. Halafu akatazama viti tulivyokalia.

"Vipo, mwanangu," alisema.

"Redio?"

"Ndiyo hiyo."

Nikaandika vinne. Nikaandika moja. Nikabonyeza, nikashukuru kwa chai, nikaenda nyumba ya pili.

Wadogo zangu, mimi nimezaliwa Maneromango, kwenye nyumba ya Kilutheri yenye watoto saba. Mchungaji alipokuwa anapita kutembelea washarika, mama yangu alinituma kwa jirani kuazima vikombe, na alinionya kwamba nikithubutu kutamka mbele ya mchungaji kuwa vikombe si vyetu, nitalala na njaa. Kumwambia mgeni kwamba amekalia kiti cha kuazima ni kumfukuza. Hilo sikufundishwa chuoni, nimelinyonya. Halafu nikaja kumuuliza mama wa watu, mbele ya wajukuu zake, kama viti ni vyake. Angenijibu nini?

Majina yalirudi baada ya wiki kadhaa. Mtendaji wa kijiji aliyasoma mkutanoni. Alipomaliza, watu walidhani ameruka mstari. Mtu mmoja akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Bi Mwanahawa hakuwemo.

Alinyanyuka, akashika fimbo yake, akapita nilipokaa, akaniuliza kama nyumbani kwangu hawajambo. Nikajibu hawajambo. Akaenda zake. Mpaka leo sijapigwa kofi lililouma kuliko salamu ile.

Jioni hiyo, nikiwa naelekea kwenye pikipiki, nilipita nyumba ya jirani yake, Mama Rehema, mke wa mwenye duka. Viti vinne vya bluu vilikuwa uwanjani kwake. Meza ilikuwepo. Nilisimama pale nikiangalia. Mama Rehema alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Unavitazama viti vyangu?" aliuliza. "Ulivikalia kwa mwenzangu. Na redio ni yangu, na vikombe ni vya dada yangu, na sukari tulichanga."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini? Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikuite pembeni nikwambie mwenzangu hana kiti? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosikia. Wewe ulivyokuja, mwenyeji akaumia."

Niliona aibu, na siipambi. Nilijaza fomu ya malalamiko kesho yake, nikaipeleka mwenyewe. Nikaambiwa nafasi za kijiji zimejaa, tusubiri awamu nyingine. Awamu nyingine haikuwa na tarehe. Nikarudi tena na tena, nikapewa chai ofisini, kwenye kiti kizuri.

Zuhura alifaulu. Siku za kuripoti zikapita. Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa na bahasha yangu mwenyewe, ya mfukoni kwangu, nikakuta mtoto anamenya muhogo na bibi yake. Safari hii nilionyeshwa mkeka. Nikatoa bahasha, nikaomba radhi.

Bi Mwanahawa aliisogeza ile bahasha kwa kidole, ikarudi upande wangu wa mkeka.

"Mwanangu, mimi sikuomba. Kijiji ndicho kilichonitaja," alisema. "Ukinipa hii, nitakuwa nimeomba. Kesho nitakutana nawe njiani nikuamkie mimi."

"Mtoto je, Bi?"

"Mtoto atamenya muhogo. Mungu hajalala."

Nikairudisha bahasha mfukoni. Zuhura hakuninyanyulia macho hata mara moja. Mwaka mzima ukaenda hivyo, na kila nilipopita njia ile nilimwona yuko kwenye muhogo. Ni katika mwaka huo ndipo watoto wa kijiji wakaanza kuniita Mama Dodoso. Halikuwa jina la sifa.

Bwana Mhando alikuwa amestaafu zamani, anaishi Mlandizi. Nilimwendea nikamweleza yote. Alisikiliza, akauliza viti vilikuwa vya rangi gani. Nikamwambia bluu. Akatikisa kichwa.

"Fomu yako haikosei kwa sababu ni mbovu," alisema. "Inakosea kwa sababu inakwenda kumchungulia mtu. Mtu akichunguliwa hujifunika. Hata mimi ningejifunika."

"Sasa tufanyeje, mzee? Tusipochungulia tutajuaje nani maskini?"

"Na lazima mjue?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Haikupita muda, wakaja watu wa mradi mdogo wa majaribio. Sitawataja, na si wakubwa, wala hamtawapata mkiwatafuta. Walikuwa wanataka kuona fedha taslimu zinasaidia vipi dhidi ya umaskini vijijini, na wakatuita maofisa wa kata tukutane Kibaha, kwenye ukumbi wenye feni moja, tuwashauri namna ya kuwapata maskini wa kweli. Wenzangu walishauri vizuri. Mmoja alitaka maswali yaongezwe, mwingine alitaka nyumba zipigwe picha. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikisitasita, maana nilikuwa najulikana pale kama bingwa wa fomu, na jina zuri halitupwi hivihivi.

Nikawaambia habari za viti. Nikaisema yote, mpaka vikombe viwili vya chai nilivyokunywa. Halafu nikasema: chukueni kijiji kimoja, mpeni kila mtu mzima, kiasi kilekile, kila mwezi. Msimpime mtu.

Kijana mmoja mchumi, mpole, mwenye miwani, aliuliza, "Mama, hata mwenye duka?"

"Hata mwenye duka."

"Huoni kama ni kupoteza?"

"Vyandarua tuligawa kila nyumba," nilimjibu. "Hatukuuliza nani anaumwa na mbu zaidi. Mwenye duka alipata chake, na hakuna aliyesema tumepoteza. Tulitaka malaria itoke kijijini, tukafunika kijiji."

"Na wakiwa wavivu?"

"Bi Mwanahawa analima akiwa amekaa chini kwa sababu nyonga haimruhusu kuinama. Huo uvivu atajifunza lini?"

Watu walicheka, lakini yule kijana hakucheka, aliandika. Nampenda mpaka leo kwa kuandika. Walijadiliana siku mbili, wakakubali kujaribu njia hiyo kwenye kijiji kimoja. Wakaniuliza mimi ninapendekeza kipi. Nilikuwa nimeshajiandaa.

Msidhani kijiji cha Bi Mwanahawa kilipokea kwa vigelegele. Fedha za kila mtu, bila fomu, bila mkopo, bila kujitolea kuchimba barabara? Wakaanza kusema ni fedha za watu wa majoka, kwamba utapokea mwezi wa kwanza na mwezi wa pili utadaiwa mtoto wa kafara. Wengine wakasema ni mashamba yanatakiwa. Mzee Pazi mwenyewe, mwenyekiti, alisimama mbele ya mkutano kwenye darasa la shule akasema hela za bure zina meno, na yeye hatakuwa wa kwanza kuweka jina. Nikaongea mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyesogea. Niliwaelewa. Mara ya mwisho nilipokuja na ahadi, walijua ilivyokwenda.

Ndipo Bi Mwanahawa alipoinua fimbo kutoka kwenye dawati la nyuma.

"Nina swali," alisema. "Mtakuja kututazama majumbani?"

"Hapana, Bi."

"Hamtaingia ndani?"

"Hatutafika hata uwanjani. Tunaandika jina hapahapa, basi."

Alinitazama kwa muda, kama alivyonitazama siku ile ya viti.

"Basi mimi niandikeni," alisema.

Akaja mbele, polepole, kwa nyonga ile. Nikaandika jina lake kwa mkono wangu, kwa kalamu, kwenye daftari, na sikumuuliza kitu kingine chochote. Nyuma yake akasimama Mama Rehema, na nyuma ya Mama Rehema watu wakaanza kupanga foleni. Mzee Pazi aliandikwa wa mwisho, akisema anafanya hivyo ili kuwasimamia wengine.

Kiasi sitakitaja. Hakikutosha kununua ng'ombe. Kilitosha kununua sabuni bila kuifikiria siku tatu, na anayejua tofauti hiyo ameshanielewa. Kilikuwa kinaingia kwenye simu mwisho wa mwezi, kwa maskini na kwa mwenye duka dakika ileile.

Sitawadanganya kwamba kijiji kiligeuka pepo. Wanaume wawili walikunywa fedha zao miezi ya mwanzo, na wake zao wakawashughulikia vizuri kuliko afisa yeyote. Kijana mmoja alinunua spika kubwa na kutunyima usingizi. Mwenye duka ndiye aliyelalamika kuliko wote kwamba fedha ni ndogo, ingawa karibu zote zilikuwa zinaishia dukani kwake. Lakini mabati yalianza kuonekana, moja moja, kama meno ya mtoto. Watu waliolima vibarua kwa wenzao kulipia chakula walichokopa wakaanza kulima kwao kwanza mvua inapokuja, na hilo mkulima yeyote atawaambia maana yake. Na kitu nilichokiona mimi, ambacho hakikuwa kwenye dodoso lolote, ni kwamba mikutano ilitulia. Hakuna aliyesimama tena kumtaja jirani kuwa maskini. Hakuna aliyeficha baiskeli ndani siku tunayopita. Watu waliacha kuhesabiana masufuria.

Zuhura alirudi shule. Alichelewa mwaka mmoja, na mwaka huo ni wa kwangu, nitaubeba. Godoro lake bibi yake alilibeba kichwani mpaka kituo cha basi, amekataa kusaidiwa na mtu, anachechemea na fimbo, na kila aliyemwona njiani alimpa pongezi kama za harusi. Nilikuwa nimesimama pembeni. Nililia wazi, sikujificha.

Mradi uliisha, kama miradi inavyoisha. Ripoti ikaandikwa, ikawekwa mahali. Kama nchi nzima inaweza kumpa kila mtu namna hiyo, sijui. Wachumi wana hesabu zao na mimi sijasomea hesabu hizo. Ninachojua ni kwamba nilisimama kwenye ukumbi ule nikasema nilikosea, na kijiji kizima kikalala vizuri kwa muda. Nimetumikia wilaya mbili, nimeharibu pikipiki tatu, na nikiulizwa nilifanya nini duniani nitaanzia hapo.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumuaga Bi Mwanahawa. Sikutuma salamu kwamba nakuja. Nilifanya kusudi, mnajua kwa nini. Nilipiga hodi asubuhi, nikamkuta anachagua mbegu za kunde. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Uwanja haukuwa na mistari ya ufagio, na kuku alikuwa amelala mlangoni. Zuhura alikuwa chuoni, anasomea uuguzi, na picha yake ya sare ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi nyingi.

"Karibu ukae," alisema Bi Mwanahawa, na akanionyesha kiti cha mbao, kipya, chenye mgongo. Vilikuwa viwili vya namna ile. Nikakaa. Sikuuliza vya nani. Miaka yote hiyo, angalau hilo nilikuwa nimejifunza.

Tuliongea habari za mvua, halafu za watoto. Kabla chai haijachemka, Mama Rehema akaingia, amejifunga khanga kiunoni, anahema.

"Mwenzangu, nisitiri," alisema. Aliponiona akasita kidogo, akanisalimia, akashindwa kuvumilia. "Wakwe wa Rehema wameshafika Mzenga, wanakuja na mshenga. Na viti vyangu vile vya bluu vimebaki kimoja, vingine vimekatika miguu."

Bi Mwanahawa alinigeukia mimi.

"Nyanyuka, mwanangu, mpe kiti mwenzio."

Nikanyanyuka. Nilivibeba viti vyote viwili mimi mwenyewe mpaka kwa Mama Rehema, nikavipanguza kwa khanga yangu, nikarudi. Bi Mwanahawa alikuwa ameshaweka kibao cha mbuzi pale nilipokuwa nimekaa. Nikakaa, magoti yakafika kifuani, nikamkumbuka Bwana Mhando, Mungu amrehemu. Sijawahi kukalia kiti cha fahari kuliko kile.

Akanimiminia chai, akanitazama nilivyokaa, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haya, Mama Dodoso," alisema. "Ukifika ofisini andika. Viti viwili. Jirani kaviazima."